Kikombe cha Rutilio

Mdogo wangu Rutilio,

Kuku wanataga, mahindi tumeshavuna. Siku ya Wafu nilimwekea Baba maboga ya kuchemsha mbele ya picha yake, si nyama ya nguruwe iliyomuua. Daktari alisema lehemu, yale mafuta ya damuni, ina wabebaji: wengine huishusha kwenye kuta za mishipa, wengine huirudisha kwenye ini. Hao wa pili ukoo wetu unao wachache.

Mama akafoka, “We Hermelinda! Marehemu akinyimwa hujitafutia.”

Asubuhi maboga hayakuwa yameguswa. Chungu cha mafuta jikoni kilikuwa wazi, kina alama za vidole vinne, kama vya mkono wa Baba tangu lile shoka. Mezani, kando ya kikombe chake, kilikuwepo chako.

Nimekirudisha kabatini mara mbili. Kapime damu, mdogo wangu.

Dada yako,
Hermelinda