Lango la Boma na Vyungu vya Jikoni

Kaloleni, Kisumu

Mdogo wangu Selpha,

Pokea salamu zangu. Natumaini hapo Bondo mnaamka salama na lile koo lililokuuma limepona. Sisi wazima, na mimi nina furaha isiyonipa utulivu.

Wajenzi wengi wa tovuti hukosea mwanzoni kabisa: huchagua upande, ama zana inayowaamulia kila kitu, ama vipande vya programu vya kujiunganishia wenyewe, kisha huutetea kama timu ya mpira. Mimi nilikuwa nahodha.

Unaijua tovuti ya zamu za maji niliyowajengea wakulima wa mpunga kule Ahero. Nilitumia zana ya aina ile ya kwanza, mfumo wenye masharti: faili lazima ikae hapa, fomu pale, na kila ukibonyeza, ukurasa mzima unaletwa upya. Mtandao wa mashambani ni dhaifu. Mama Ajwang, mwenyekiti wao, aliniambia mkutanoni kwamba ukurasa wangu ukifunguka, wali utakuwa umeshaiva. Wakacheka. Lakini zamu ilikuwa imempita akingoja, na miche yake imeanza kukauka. Wakanipa hadi Jumatatu, la sivyo warudi kwenye karatasi ya kubandikwa mferejini.

Ndipo nikakumbuka uliyonieleza Krismasi: kwamba kwetu nyumba ya mke mkubwa hutazama lango la boma, hapo hakuna mjadala; lakini hakuna mila inayompangia yeye pa kuweka vyungu. Basi nikauacha mfumo na masharti yake ulinde data na fomu; hilo ndilo lango. Kwenye ukurasa, penye vyungu, nikaongeza maktaba moja ndogo ya msimbo, yaani kipande cha programu kilichoandikwa tayari. Sasa ukibonyeza, seva, kompyuta inayotunza tovuti, hutuma kipande kidogo cha ukurasa (HTML) kilicho tayari, nacho hukaa mahali pa kile cha zamani. Mstari wa zamu tu ndio hubadilika.

Jumatatu Mama Ajwang alibonyeza akiwa matopeni, akaiona zamu yake, akafungua maji. Miche imesimama! Wameninunulia kofia, na inanikaa vizuri.

Ila kofia hiyo si yangu. Krismasi nilikucheka mbele ya watoto, nikayaita maneno yako porojo za jikoni. Na waliponishangilia Ahero, sikukutaja, wakadhani wazo ni langu. Siku mbili nimeivaa. Leo asubuhi nimemweleza Mama Ajwang ukweli. Akasema alishangaa mzee mbishi kama mimi amebadilika lini.

Wasalimie wote nyumbani. Kofia inakuja pamoja na barua hii kwa mkono wa jirani yangu Okinyi. Leo hii, kabla hujaketi kula, mpigie Mama Ajwang simu; anataka kukushukuru wewe mwenyewe.

Kakako,
Obiero