Rangi Iliyoshuka Hadi Chini

Mama yangu,

Marwa anataka kuipiga lipu nyumba yako kabla hatujaanua tanga. Anasema mvua zikianza ukuta wa udongo hautavuka msimu, na hawezi kupokea watu kwenye nyumba inayomeguka. Ana haki. Alinipigia nikiwa kazini hapa Mugumu akasema, "Dada, wewe ndiye mkubwa. Ukisema hapana, naacha." Nikamwambia nina kazi, nitampigia.

Kazi kweli ilikuwepo. Tunatengeneza ukurasa wa mtandaoni wa bei za ng'ombe mnadani. Una mistari miwili inayopanda na kushuka: wa juu ni bei kubwa iliyotolewa, wa chini ni bei ndogo. Mzee wa ushirika alitaka katikati pajazwe rangi, ili mfugaji akifungua simu aone mara moja kwamba bei ya ng'ombe wake iko humo, na akipewa chini ya hapo anaibiwa. Nikaandika maagizo, nikafungua ukurasa. Rangi ilianza vizuri kwenye mstari wa juu, ikaupita wa chini kana kwamba haukuwepo, ikashuka mpaka mwisho wa picha. Kompyuta usipoiambia ikome wapi, hujaza mpaka chini.

Nilikaa nikiitazama, Mama, maana niliwahi kufanya hivyo hivyo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukisiriba kabla ya Krismasi? Ulichovya kamba kwenye maji ya majivu, ukashika ncha moja nami nikashika nyingine, tukaibana ukutani, wewe ukaivuta na kuiachia ikapiga mstari. Halafu mstari wa pili, chini yake. Kati ya hiyo miwili ulijaza udongo mwekundu, mwepesi kama uji wa mgonjwa, kwa sababu ulisema mzito unaficha mstari. Mwaka ule nilioota meno ya mbele upya ukaniachia ukuta wa upande wa jikoni, ukaenda kisimani. Uliporudi nilikuwa nimejaza kuanzia mstari wa juu hadi chini kabisa, hadi kwenye miguu yangu mwenyewe. Uliweka ndoo chini, ukacheka mpaka ukashika kiuno. "Bhoke, umeuvisha ukuta gagulo."

Hukuufuta. Jirani alipouliza ukamwambia ndiyo mtindo wa mjini. Na kila Krismasi baada ya hapo, hata nilipokuwa chuoni, kuta nyingine ulizipaka inavyotakiwa, ila ule wa jikoni ulipiga mstari mmoja tu na kujaza mpaka chini. "Huu ni wa Bhoke," ulikuwa ukisema, ukikataza mtu kuuegemea.

Nilidhani nikiyakumbuka hayo nitalia. Sikulia. Nieleze hali yangu ilivyo, maana wewe hukupenda kufichwa: sisikii kitu. Siku tulipokuzika mama mdogo alinishika bega akasema, "Lia, mwanangu, utaumwa." Nikaitikia, nikaenda kuosha sufuria. Nakula kwa kuwa ni saa ya kula. Watu wa Morotonga ninakopanga wananipa pole, nami nawashukuru kana kwamba wanampa mtu aliyesimama nyuma yangu. Wengine wanasema nina moyo mgumu.

Basi nikairekebisha ile picha. Nikaiambia kompyuta mstari wa pili ndio huu, ikome hapa. Nikaipunguza rangi ukali ili mistari ionekane, kama ulivyonifundisha. Mzee wa ushirika akasema imependeza. Kisha nikampigia Marwa.

"Piga lipu," nikamwambia.

"Zote? Hata wa jikoni?"

"Hata huo."

Akasema sawa. Nilisema kama mtu anayeulizwa achukue chai au maji.

Jumamosi nikapanda bodaboda hadi nyumbani Busawe. Nyumba nilikaribia kuipita. Mbele ilikuwa ya kijivu, imenyooka, kana kwamba haina mtu ndani yake. Nikazunguka jikoni nikiwa nimejiandaa kuona kijivu kingine. Ukuta wangu ulikuwepo, mwekundu mpaka chini, umepasuka, kona moja imeanza kumwagika.

"Fundi alitaka kumalizia," Marwa akasema. "Nikamwambia huu una mwenyewe. Lakini hautafika mvua za pili usiposiribwa, na mimi hiyo kazi siijui."

Hakuniangalia. Alikuwa ameshachimba udongo mwekundu, ameuweka kwenye karai lako. Kamba yako ilikuwa mkononi mwake, na majivu kwenye bakuli. Akashika ncha moja, akaninyooshea nyingine. Tukaibana ukutani, nikaivuta, nikaiachia. Mstari ulitoka umepinda kidogo upande wake. Akainua kamba kwa ajili ya mstari wa pili, nikamwambia hapana, hapa ni mmoja tu.

Nikavua viatu, nikamimina maji kwenye karai, nikatumbukiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko.

Udongo ulikuwa wa baridi, Mama. Baridi kali, ikapanda mpaka mabegani. Niliisikia.

Nimejaza mpaka chini. Lala salama.

Kifungua mimba wako,
Bhoke