Rangi Inayokaa kwenye Kucha za Mama

Jumapili, 3 Agosti 2025

Shule ninayofundisha imefungwa, nimerudi nyumbani Githongo. Baridi imeshika mpaka nguo hazikauki. Nilitarajia kumkuta Mama ana nguvu kidogo, maana ni muda tangu ile kemo ya mwisho ya saratani. Wapi. Amekonda zaidi. Na kucha zake — sikuwa nimeambiwa. Zimekuwa nyeusi kama zilizogongwa na nyundo. Ya kidole gumba imeanza kuachana na nyama.

Hakuenda kanisani. Anasema watu wakimpa mkono wanaangalia vidole kwanza, halafu wanaongeza sauti ya huruma. Na Jumamosi ni harusi ya ndugu yangu Mwenda, kwao bibi harusi, Beverlyne, Runyenjes. Mama wa bwana harusi atasalimiwa na nusu ya Embu.

Mchana tukichagua maharagwe akaniuliza, bila kuinua macho, ile cutex ya kukaa sana hupatikana wapi.

Nilicheka. Huyu ndiye Mama aliyenichapa nikiwa darasa la saba kwa kupaka kucha rangi. Yeye hakucheka. Nikasema nitatafuta.

Jumatatu, 4 Agosti

Mjini Makutano. Saluni ya Maxine, niliyesoma naye sekondari. Nilitaka jeli, ile ya kukaushwa na taa, kwa sababu kila mtu anasema hiyo haitoki. Maxine akaomba kuona kucha zenyewe. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akarudisha ile taa kwenye rafu.

Akasema jeli ikitolewa hulowekwa na kukwaruzwa, na hizi kucha zitatoka nayo. Nichukue rangi ya kawaida iliyo nzuri, na chupa mbili za ile isiyo na rangi: moja ya kutangulia, moja ya kufunga juu. Akanifundisha kwa vidole vyangu. Kwanza futa mafuta. Paka nyembamba, acha ikauke, ndipo urudie. Pitisha brashi mpaka kwenye ncha, maana hapo ndipo rangi huanza kubanduka. Baada ya siku mbili hivi ongeza ile ya juu. Pale kucha ilipoachana na nyama, usiguse.

Aliniuliza daktari anasemaje. Nikasema anasema tuendelee.

Ukweli ni kwamba sijui anasema nini. Baba ndiye huingia na Mama kwa daktari, na Baba akitoka husema tu, "Tumemaliza, twende."

Jumanne, 5 Agosti

Nilikuwa nimenunua rangi tatu ili achague. Nikamsukumia ile ya kahawia, nikidhani itaficha weusi bila kelele. Akaikataa. "Hiyo itaonekana kama ugonjwa." Akachukua nyekundu, ile kali.

Tulikaa dirishani penye mwanga. Alininyooshea mkono kama mtu anayenipa kitu cha mtu mwingine. Sikuwahi kuushika hivyo, kidole kimoja kimoja. Kwenye kidole gumba nikapaka hadi kwenye ngozi. Akasema pole pole, hatuendi popote.

Mkono mmoja ulitoka vizuri sana. Nikaenda kujibu simu ya Mwenda kuhusu mambo ya hema. Kurudi, Mama yuko jikoni, ameunyoosha juu ya moto rangi ikauke haraka. Vipovu kila mahali.

Ilibidi nifute. Rimuva, ile dawa ya kufutia, ikaingia pale palipoachana na nyama, akavuta pumzi kwa meno. Nikamwambia tuache, avae glavu nzuri nyeupe siku ya harusi, kina mama wengi huvaa. "Endelea," akasema. Nikaendelea. Saa hizi kucha zimekauka, zinang'aa. Baba ameingia, ametazama, akauliza chai iko wapi. Kisha akarudi mlangoni akatazama tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Amemenya ndizi! Nilienda dukani tu. Kucha mbili zimebanduka rangi kwenye ncha. Nimemnunulia glavu za kuoshea vyombo, amezitupa kwenye beseni. Hataki glavu. Anasema amechoka na watu wenye glavu.

Nimerekebisha. Nimeongeza ya juu.

Jumapili, 10 Agosti

Jana. Sijui nianze wapi.

Tuliondoka mapema na gari la Kiogora jirani, Mama amelala njia yote, nikafikiri tukifika tu atarudishwa nyumbani. Runyenjes kulikuwa na jua. Akashuka, akafunga kitambaa vizuri, akanipa mkoba nimshikie. Mama yake Beverlyne akaja na jeshi lake la shangazi wakiimba. Mama akanyoosha mikono yote miwili mbele yao. Yote miwili! Wakaishika, wakaigeuza, mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe tunaozesha kwa watu wa mjini." Mama akacheka mpaka akakohoa.

Hakuna aliyeongeza sauti ya huruma.

Wakati wa picha mpiga picha alimwambia aweke mikono mapajani. Akaiweka juu ya bega la Mwenda, vidole vimekunjuliwa. Nilienda nyuma ya hema nikalia kidogo, nikarudi nikala wali.

Leo analala tu. Rangi haijabanduka hata kidogo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nesi amepiga simu. Kemo ni Jumatano. Akakumbusha Mama aje kucha zikiwa wazi, bila rangi yoyote, kwa sababu kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni hakisomi vizuri penye rangi na daktari lazima aone rangi ya kucha zenyewe. Nikasema sawa.

Nikatoa pamba. Mama akasema kesho.

Jumanne, 12 Agosti

Akasema kesho asubuhi. Halafu akaniomba nimwongezee ile ya juu, imeanza kufifia.

Nikamwambia Mama, si tunaifuta kesho? Akaninyooshea mkono tu.

Nikapaka. Sijui kwa nini nilipaka. Nilikuwa najua, nafikiri. Nilipaka polepole, mpaka kwenye ncha, kama nilivyofundishwa.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika nikiwa chumbani kwangu, mlango nimeufunga.

Nimeenda kwake na pamba na rimuva. Ameketi kitandani, amevaa gauni la nyumbani, mikono ameificha ndani ya shuka. Nikasema Mama tuharakishe, Kiogora amefika. Akasema hajaamka vibaya, ameamka vizuri, na ndiyo maana anataka kusema akiwa vizuri. Haendi. Si leo tu. Alikuwa ameamua hata kabla sijafunga shule, ila alitaka Mwenda aoe kwanza bila kujua.

Nikamwambia daktari amesema tuendelee.

"Daktari alisema tunaweza kuendelea ama tuache," akasema. "Baba yako alisikia ile moja."

Nikapiga magoti nikajaribu kuutoa mkono mmoja kwenye shuka. Mimi, mtu mzima, naning'inia kwenye mkono wa mgonjwa. Ana nguvu bado. Nikaacha kwa sababu niliogopa kung'oa ile ya gumba. Nikalia. Akasubiri nimalize. Kisha akaniomba kitu kimoja: niwe mimi wa kumwambia Baba, kwa sababu yeye akimwambia, Baba atamwomba, na Baba akiomba yeye ataenda.

Nikasema siwezi.

Amegeukia dirishani.

Kutoka hapa namwona Baba nje, kwenye gari. Ameweka blanketi kwenye kiti cha nyuma, amelitoa, amelikunja upya, amelirudisha. Ana chupa ya chai kwapani. Kiogora amewasha gari ili lipate joto.

Sasa Baba ananiita. Anauliza kama Mama amemaliza kuvaa.