Si Kosa la Mbwa

Kaka,

Huku bati halivuji tena, na mbwa wako anakula vizuri kuliko sisi. Nilipokuomba tumhasi, ulicheka kwenye simu: "Dume langu lisiguswe!" Haya, hatukumgusa.

Juzi Mama alimtoa kutembea, wakakutana na dume la jirani, nalo halijahasiwa. Mbwa wakavaana. Mama akajitia katikati kumwokoa wako, eti ni amana ya mwanawe. Aling'atwa mkono wa kulia. Vidole viwili havikunjiki. Cherehani yake nimeifunika shuka, asiione.

Jirani alikuja kuomba radhi, na wake keshamhasi.

Mama anakusalimu. Anasema nisikulaumu, si kosa la mbwa.

Hata mimi nasema hivyo hivyo: si kosa la mbwa.

Ni mimi, mdogo wako.