Mwanga Juu ya Meza ya Ekal

Kakuma, Jumapili, mwaka 2025. Huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu nilipovuka mpaka.

Mdogo wangu Furaha,

Magoti yako yamepoa? Sisi tu wazima, ila vumbi linatuzidi nguvu.

Ujumbe wako nimeusoma tena na tena. Unasema jirani amepanda mihogo ndani ya shamba la Baba, na chifu ananisubiri nije nionyeshe mpaka, kwa kuwa ni mimi tu niliyebaki kati ya walioutembea na Baba. Nilitaka kukujibu papo hapo: nakuja. Kisha nikaenda Lodwar, nikarudi nimechanganyikiwa.

Unanijua na vitabu vyangu. Nimesoma kwamba elektroni ikigonga atomu, atomu husisimka, kisha hutulia kwa kutoa mwanga. Mtetemo wa mwanga huo unaweza kuelemea upande mmoja, na kwa upande huo ukajua elektroni ilitokea wapi. Fikiria! Aliyepiga amekwenda zake, lakini mwanga bado una habari ya njia yake. Nikatamani kuuona kwa macho yangu.

Nikaomba kibali cha kutoka kambini, nikapanda basi hadi kwa rafiki yangu Ekal, Mturkana, mwalimu wa fizikia, mwenye mrija wa kioo wenye gesi ya neoni.

"Ejok, mzee!" akanisalimu kwa Kiturkana. "Lodwar yote hii ina joto, nawe umefuata taa ndogo?"

Akauwasha, ukawaka mwekundu. Mimi nilikuwa na kioo cha miwani ya jua, aina inayopitisha mtetemo wa upande mmoja tu. Nikakizungusha mbele ya jicho. Mwanga ukafifia, ukarudi.

"Nimeuona!"

"Umeona nini, mzee wangu? Unaangalia meza."

Kweli. Mrija uliniumiza macho, nikawa natazama mng'ao wake juu ya meza ya vanishi. Na mwanga ukigonga meza laini, mtetemo wake hupata mwelekeo mpya hapohapo mezani. Nikautazama mrija wenyewe, nikazungusha kioo: haukubadilika. Ekal akanieleza kwamba mle ndani elektroni hugonga kutoka kila upande, atomu nazo husukumana, na habari ya pigo hupotea.

"Usinune," akasema. "Hata mbuzi wangu hupotea, na wana alama masikioni."

Tangu siku hiyo nawaza mpaka wa Baba. Nakumbuka ukipita kwenye jiwe jeupe. Nakumbuka pia ukifuata mfereji. Upi niliutembea, na upi nimeupata huku, kwa kuwasimulia wanangu miaka yote hii? Kila nikijiuliza, mawili hayo yanazidi kufanana. Nikija nikanyoosha kidole, wataniamini, na mihogo ya mtu itang'olewa. Labda kwa haki. Labda kwa dhuluma.

Najua unaweza kulikosa shamba kwa sababu yangu. Mwombe chifu apime upya, jirani akiwepo.

Nisalimie shangazi mfuma vikapu, na shemeji fundi baiskeli. Mimi, kaka yako Byamungu, sitarudi.