Dakika Kumi na Moja za Sauti ya Mama

Shanwe,
Mpanda.
12 Juni 2025.

Mpendwa Kaka Telesphor,

Shikamoo. Habari za Mtwara, na kazi inaendaje? Wifi Dorice mguu wake umepona? Sisi huku tu wazima. Mahindi ya Kasokola yamekauka vizuri na Edina ameanza kuvuna. Nakuamkia kwa sababu mama alitufundisha kuwaamkia wakubwa, lakini moyo wangu kwako umechafuka na sitazunguka.

Unaijua ile seva niliyoiunda hapa nyumbani, kakompyuta ka kuenea kiganjani na diski mbili pembeni. Nilihangaika nayo wiki tatu, simu za wateja zimelala kibandani hazijaguswa. Nilitaka picha na sauti za familia zikae mahali pamoja, maana simu zetu zote zilikuwa zimejaa. Ulinisifu sana. Nikakupa paswedi yenye uwezo wote sawa na yangu, uingie hata ukiwa huko Mtwara, nikasema huyu ni kaka yangu, nimfiche nini?

Humo ndimo nilimoweka wosia wa mama. Siku ile Edina alikuwa amefuata dawa, tukabaki wawili, mama akaniambia niwashe simu nirekodi. Akasema shamba la Kasokola ni la Edina, binti yake aliyemuuguza miaka minne. Baadaye nikaufuta kwenye simu nipate nafasi, nikijua kwenye seva uko salama.

Jumapili ya Pentekoste wosia umefutwa. Usiniambie habari za umeme. Seva inaandika kila anayeingia, na imeandika jina lako, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Ulijua saa hiyo wote tuko kanisani.

Ujinga wangu nao naukiri. Zile diski mbili nilizifunga zifanane, hii ikipokea kitu na ile inapokea, nikajiona nina akiba. Kumbe ukifuta kwenye moja, na nyingine inafuta papo hapo. Fundi mzima, nimejichongea. Nimejaribu kila njia kuurudisha, wapi.

Tarehe 28 ukoo unakaa kikao Kasokola. Bila ile sauti, kimila shamba ni lako wewe mtoto wa kiume. Mimi nikisema nilichosikia, baba mkubwa Oswaldi atasema hawa wanawake wamepanga. Edina sijamwambia, yeye anavuna tu huku anaimba. Mtu amemwogesha mama yako miaka minne, ndiyo unamfanyia hivi? Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Angekuwa mtu baki nisingelia, Kaka. Nimelia kwa sababu ni wewe.

Kuna jambo hulijui. Seva inaonyesha ulisikiliza dakika kumi na moja, mpaka mama alipotaja shamba, ukakata. Ile sauti ilikuwa ya dakika thelathini na nne. Zote zilizobaki mama alikuwa anaongea na wewe, anakuita kwa jina, kwa kuwa hukuwahi kufika kumuaga. Umezifuta hujazisikia.

Mimi ndiye niliyeshika simu, na maneno yake yote ninayo kichwani. Njoo tarehe 28, usimame mbele ya ukoo useme ulichosikia kwenye zile dakika kumi na moja. Ukimaliza, nitakaa na wewe nikuambie ya kwako, neno kwa neno. Usipokuja, nitakufa nayo.

Nisalimie wifi na watoto, Melkior na Lucia. Edina anakusalimia sana, anasema amekutengea gunia la karanga siku ukija. Mungu akujalie safari njema na ulimi wa kweli.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado anakupenda na hajui afanyeje,

Pudensiana