Ng'ombe wa Nyumba ya Mama

Mjukuu wangu Bhoke,

Hujambo huko Dodoma? Usicheke. Nimekuzidi miaka minne tu, lakini kwa ukoo mimi ni bibi yako. Huku Kemambo tuko wazima, na mahindi yamebeba vizuri.

Umeuliza nilijuaje kuunganisha klasi, yaani aina za vitu, ndani ya programu. Mama ndiye aliyenionyesha. Nilipomaliza shule nilitengeneza programu ya kuorodhesha watu na ng'ombe wa boma letu, ili mwalimu wa kompyuta akiipenda anipokee chuoni kwake. Ng'ombe wote niliwafunga kwenye klasi ya Mzee. Nilipomfuta Mzee, yaani baba, kwa kuwa alikuwa amefariki, nao wakafutika.

Mama, asiyejua kompyuta, akachungulia. "We Ghati, baba yako tulimzika na ng'ombe?"

Nikamuuliza basi ng'ombe ni wa nani.

"Ng'ombe ni wa nyumba. Kila mke ana nyumba yake na ng'ombe wake. Mzee anasimamia tu."

Nikawahamishia kwenye klasi ya Nyumba. Nilipomfuta Mzee tena, ng'ombe wakabaki.

Mwalimu alinipokea, akauliza nani alinifundisha. Mimi niliyekuwa naogopa hata kunyoosha mkono darasani, nilijibu kwa sauti: "Mama yangu."

Ni mimi bibi yako,
Ghati